Mkalimani wa Ngome ya Roshbrun

Mimi Barsauma mwana wa Giwargis
nilikulia baina ya ndimi kama punje baina ya mawe ya kusagia:
nyumbani Kisiria, sokoni Kiarabu,
na kule juu ngomeni, Kifaranki,
nilichofundishwa na mpishi aliyenichapa mwiko
kila nilipokosea jina la nyama.

Mfalme wetu alikuwa na miaka saba.
Taji walilishindilia pamba lisimteremke puani.
Kuume kwake Aimeri, mjomba, mwenye funguo za hazina.
Kushoto Gosselin wa pwani, mwenye bandari
na rundo la hati za madeni kwa wafanyabiashara wa Jenova.
Kila mmoja alimwita mtoto "bwana wangu"
huku akimtazama mwenziwe shingoni.
Husemwa fahali wawili hawakai zizi moja.
Hawa walikaa.
Zizi ndilo lililovunjika.

Kila baada ya mavuno alipanda mjumbe wa amiri, Kutlugh,
mtu mfupi, mwenye kikohozi,
na kifuko cha lozi za sukari kwa ajili ya mtoto.
Aimeri husema: "Mwambie mbwa huyu asikanyage zulia langu."
Nami: "Bwana wangu anauliza kama safari imekuchosha miguu."
Kutlugh hujibu: "Mwambie nguruwe huyu nyufa za ukuta wake nimeshazihesabu."
Nami: "Anasema hajaona ukuta uliojengwa kwa makini hivi."
Wakacheka wote wawili,
kila mmoja kwa sababu yake,
na muhuri ukashuka juu ya nta.

Miaka mitatu tuliishi juu ya ulimi wangu.
Misafara ya chumvi ilivuka daraja, ikalipa ushuru.
Zeituni ziliiva na waliozipanda ndio waliozichuma.
Mke wangu Shmuni alijifungua mara mbili
kitandani, si pangoni.
Siku moja, tukishuka ngazi, Kutlugh aliniegemea begani
akasema kwa Kifaranki kilichovunjikavunjika:
"Wewe… tafsiri… nzuri."
Kisha akakohoa mpaka langoni.

Lakini Gosselin alihitaji vita
kama mdaiwa anavyohitaji moto kwenye daftari.
Akamleta Odo, kijana aliyekaa mateka Halab miaka mitano,
Kiarabu chake maji ya kisima.
Kijana mkweli, ndio uliokuwa ubaya wake.
Akasimama mbele ya baraza, masikio yamemwiva kwa haya, akasema:
"Huyu mtu hasemi wanayoyasema."

Hawakunikata ulimi. Mama wa mfalme aliniombea.
Walininyang'anya kigoda tu.
Mwaka ule Odo ndiye aliyefasiri, neno kwa neno.
Mbwa akawa mbwa. Nguruwe akawa nguruwe.
Kabla ya adhuhuri lozi zilikuwa zimetapakaa kwenye ngazi,
na watumishi wakiziokota kwa siri.

Walipiga kambi mbili, bendera mbili, majiko mawili.
Baragumu la Aimeri lililia alfajiri.
La Gosselin likangoja,
likangoja Aimeri amalizike kwanza,
na upepo ukageuka na moshi wa mabua
ukawafunika wenye subira na wasio nayo.
Odo aliomba amani kwa sauti kubwa,
kwa lafudhi safi mno:
wakamdhania mwasi wa kwao,
wakamuua.

Jioni ya tatu mkokoteni ulipita kwangu ukikimbilia pwani.
Mtoto alikuwa juu ya magunia, bila taji,
pamba imemng'ang'ania nyweleni.
Akanitambua. Akauliza:
"Yule wa lozi atakuja tena?"
Nilipekua lugha zote tatu.
Nikamwambia: "Anakusalimu. Yuko njiani."
Ndiyo sentensi yangu ya mwisho kwa Kifaranki.
Mpishi angalikuwapo,
asingeinua mwiko.