Baa Mia Tatu

Keti kwanza. Begi liweke juu ya kreti,
maji ya mvua yameingia hadi chini ya kaunta.
Unasema mpira wa kujazia bunduki ya upepo.
Kibali unacho? Nione. Haya.
Sasa nionyeshe mtungi.
Si picha. Mtungi wenyewe,
niisome tarehe iliyogongwa shingoni.

Baa mia tatu.
Wewe unaitamka kama bei ya maharagwe.
Bibi yangu kule Mwala hakujua geji;
kwake baa lilikuwa nzige, lilikuwa ukame,
moja tu lilitosha kumaliza ghala.
Nawe wataka mia tatu
ndani ya kitu chembamba kuliko kidole chako cha mwisho.

Huu mwekundu, hapana.
Huu ni wa kompresa ya rangi,
unapuliza milango Kariobangi huku unapiga mluzi.
Ukiubebesha mtungi wako
utafura kama shavu lenye jino bovu,
na hautakungoja umalize sentensi.

Shika huu mweusi. Soma ubavuni:
shinikizo la kazi, na la kupasuka, mara nne yake.
Usio na namba usinunue
hata nikikuapia kwa mama yangu.
Wala usiukunje kama kamba ya mbuzi.

Hesi nayo ni lugha.
Hii ya Mwingereza, hii ya Mmarekani,
zinafanana hadi zinakudanganya:
zinaingiana mizunguko miwili, mitatu,
kisha zinakaza. Utasema zimeoana.
Hazijaoana. Zinangoja.

Oringi, mpya kila mara.
Mafuta ya gari, hata tone, usithubutu;
hewa ikibanwa huchemka,
na mafuta hukumbuka kwamba yalizaliwa moto.
Mbithe! Niletee grisi ya silikoni, ile ndogo.

Jaza polepole. Mtungi ukipata joto, upumzishe.
Ukishiba, funga kule,
halafu legeza hiki kiparafujo, usikie: tssss.
Ngoja. Bado. Ngoja mpaka ikome,
mshale wa geji ulale sifuri,
ndipo mkono uguse nati.
Ukishuku inavuja, povu la sabuni. Si kidole.

Watu huogopa inayolia.
Mimi naogopa iliyonyamaza.
Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga;
nadhani walipita hapa Kirinyaga Road.

Kile?
Kile kilichofungwa waya ukutani hakiuzwi.

Mwaka ule mto ulipobeba vibanda
Ochola alikuja saa kumi na mbili kasoro, nikifunga.
Nilikuwa na njaa. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili.
Akasema, mama, hiyo itaingia tu.
Nikajaribu: mizunguko miwili, mitatu.
Nikasema imeingia.
Nikampunguzia hamsini.

Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto.
Akipita hapa hunisalimia, huuliza hali ya watoto.
Afadhali angetukana.

Basi. Elfu nne na mia sita.
Hapana, sipunguzi.
Risiti hii, iweke.
Na hiki kipande cha sabuni
ni bure.