Mistari Witiri, Mistari Shufwa

Diski imenifikia ndani ya soksi ya sufu;
kaka yangu Botond hajawahi kuamini makasha.
Juu yake, kwa wino mzito: "Nguruwe, Januari."
Mwaka hakuandika,
kana kwamba tulichinja mara moja tu maishani.

Naipangusa kwa kitambaa cha miwani,
toka kitovuni kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.
Kiendeshi kinaimeza, kinakohoa, kinanyamaza,
kinaanza tena kama mtu apapasaye funguo gizani.
Nje, tramu ya kwenda Diósgyőr inapinda kona,
vioo vinatetemeka, nami naishika meza kwa viganja
nisije nikaachwa hapa, asilimia sitini na tatu,
na nyumba nzima imekwama kooni mwa mashine.

Inatoka.
Faili nne, gigabaiti moja moja,
zimekatwa bila kuuliza nani alikuwa anasema nini.
Baba anafungua kinywa: "Nileteeni..."
faili imekwisha.
Ya pili inaanza: "...chumvi. Si hiyo, ya mawe."
Nazishona. Kumbe sindano hutangulia mkasi.

Halafu nyuso: zimebanwa mbavu kwa mbavu.
Mjomba Dezső, ambaye mizani ya ghalani ilimkataa,
amekuwa mwembamba kama mshumaa wa Krismasi.
Ningemwacha hivyo, walau mara moja ajipendeze,
lakini naandika kumi na sita kwa tisa
na tumbo linarudi polepole, halali ya mwenyewe.
Sauti nayo inachechemea fremu sita nyuma:
kisu kinatua ubaoni, kimya,
kisha ko! ubao unakumbuka kulia.
Naivuta hadi mlio uushike mkono.

Mpaka hapo ilikuwa kazi.

Kisha Mama anatoka jikoni na sinia la bilauri,
pombe ya plamu imejaa hadi mdomoni,
anageuka,
nami nasimamisha picha.
Bega lake limeota meno ya chanuo.
Naijua hitilafu hii, nimewatibia wateja mara elfu:
kila fremu ni nyakati mbili zilizofumwa pamoja,
mistari witiri imeshika wa kwanza,
mistari shufwa imeshika wa pili,
kati yao sehemu moja ya hamsini ya sekunde.
Kwenye witiri bado anachunga bilauri zisimwagike.
Kwenye shufwa ameshaiona kamera,
na uso umeanza, haujafika, kumkemea Botond.

Programu inauliza kwa adabu ya karani:
ihifadhiwe ipi, itupwe ipi?
Nikizichanganya, atabaki ukungu wenye mikono minne.

Sinia lile halikupata Januari nyingine.

Nimesafisha dakika tisini na mbili zilizobaki.
Mvuke wa pipa la maji ya moto umetulia,
mbwa ana mkia mmoja,
pilipili nyekundu haichuruziki tena nje ya kingo zake.
Fremu ile moja nimeiweka kando, na meno yake,
isiguswe na chujio lolote.

Usiku Botond anapiga: "Tayari? Nianze kukata?"
Diski ipo mezani, inang'aa, haina hata ukwaruzo.
"Bado," namwambia. "Imechubuka vibaya.
Niachie mpaka Jumapili."