Ilijipiga Yenyewe

Simu imejaa, inaniomba nifute.
Nafuta majabali ya Masasi, picha kumi na mbili,
nafuta ngazi za Mikindani
na mimi juu yake nimekunja uso kwa jua.

Hii naibakiza. Ilijipiga yenyewe
asubuhi ya Newala, ukungu umefika hadi jikoni:
kandambili za shangazi Somoe,
moja imegeuka kama iliyoitwa,
na kidole chake, cheusi kwa mafuta ya korosho,
kikinisogezea bakuli.
Uso haumo.

"Futa hiyo," alisema, "hata khanga sijajitanda."
Nikamwambia nimefuta.

Bakuli sasa liko kwangu Lindi, natilia chumvi.
Kila nikilichukua nalishika upande ule ule,
pale kidole kilipoishia.