Asilimia Ngapi?

Miaka ishirini na mitatu napima mawe.
Huja kwa gunia, kutoka Kipushi, kutoka Kambove,
na mwenye gunia huja ameshashiba hesabu:
"Mzee Kilufya, hili ni thelathini, naapa!"
Mimi siapi. Nasaga, nachekecha,
namwaga tindikali, nangoja.
Nimeona jiwe la kijani kama sombe baada ya mvua
likatoa moja na nusu.
Nimeona donge jeusi, la kuaibisha mkono,
likatoa arobaini.

Sasa ni usiku, Katuba, umeme umerudi saa sita,
simu imepata moto,
na kijana mwenye kifua kama mlango wa ghala
ananiita kaka.
Kaka, umefika hamsini?
Unachoka ukishakula bukari?
Unasahau majina ya watu? Mke amegeukia ukuta?
Basi homoni yako imekwisha, kaka.
Matone haya, dola sitini, wiki tatu tu,
utaamka simba.

Naitikia. Peke yangu gizani,
mtu mzima mwenye wajukuu wawili, naitikia ndiyo
kwa kila swali.
Ndiyo, nachoka. Ndiyo, Mwadi amegeukia ukuta.
Saa nane bado namtazama
akinieleza kwa nini sina nguvu asubuhi.

Ila mkono uliozoea mizani una ukorofi wake.
Sampuli ilichotwa wapi, juu ya gunia au chini?
Nikayarudia maswali yake polepole:
yangemnasa Numbi, ana miaka ishirini na tisa,
analinda geti usiku na kuuza makaa mchana.
Yangemnasa mama aliyejifungua juzi.
Yangemnasa mbuzi wa jirani siku ya jua kali.
Kipimo kinachosema ndiyo kwa kila jiwe
si kipimo, ni kengele ya mchuuzi.
Tena anayepima ndiye anayeuza!
Kwetu mtu wa hivyo hapewi ufunguo wa maabara.

Sisemi ugonjwa haupo. Upo.
Daktari Musonda, mtaa wa Kenya, aliniambia bila kuinua sauti:
damu ya asubuhi, mapema,
na si mara moja; rudi siku nyingine
tuone kama namba inasimama palepale.
Akauliza ambayo kifua hakuuliza:
usingizi, mkoromo, bia ngapi Jumamosi,
mkanda umesogea matundu mangapi.

Fundi Kasweka, mchomeleaji, hakungoja namba.
Miezi minane alijidunga sindano za kununua kimyakimya.
Mikono ilinenepa, sitamnyima haki yake;
alibeba mlango wa chuma peke yake, tukapiga makofi.
Lakini yeye na mkewe walikuwa wanatafuta mtoto.
Hospitali wakamwambia: mwili ukiletewa mzigo kutoka nje
huzima tanuru lake.
Akatoka, akasimama barabarani
akalitazama lile bomba la moshi la mji wetu,
refu, limenyooka, kila mgeni hulipiga picha,
na juu yake mbingu tupu.
Nilikaribia kucheka. Sikucheka.
"Wanasema linaweza kuwaka tena," akaniambia.
"Polepole. Labda."

Jana nilimuuliza Mwadi mbona anageukia ukuta.
"Mwanga wa simu yako," akasema,
akavuta shuka.

Namba ya kwanza ilitoka chini kidogo.
Ya pili ni Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla ya chai.
Wenzangu kazini wameshaanza kubashiri,
mmoja ananipa thelathini, mwingine tano,
wananiuliza mimi nasemaje.
Siapi.