Kufuli Lililohama

Jumatatu, saa mbili na robo, simu ya ndani inalia.
Ni Mutheu wa hesabu, ghorofa ya tatu, hapa hapa Ngara:
"Nimeburuta folda ya Kerubo
kutoka Upimaji hadi Pamoja, kama ulivyosema.
Imefika. Naiona kwa macho yangu.
Nikiigusa inaniambia sina ruhusa.
Kwani Pamoja si ya wote?"

Ni ya wote, Mutheu.
Ngoja nikueleze kipangaji.

Nilipohama Zimmerman
nilifungua balbu darini, nikaifutika ndani ya soksi,
nikang'oa pazia na waya wake,
na kufuli, bila shaka. Kufuli ni langu,
nililinunua Gikomba kwa pesa yangu.
Mwenye ploti mpya alikuja jioni na tita la funguo,
akajaribu moja moja, hakuna iliyoingia.
Sheria zake kazibandika langoni,
maji Jumanne na Ijumaa,
lakini mlango wangu haukuzisoma.

Ndivyo lilivyo faili likihamishwa
ndani ya diski ile ile:
halisogei hata unywele.
Ni anwani tu inayofutwa na kuandikwa upya,
kufuli linaning'inia palepale.

Kunakili ni habari nyingine.
Nakala huzaliwa kule iendako,
inanyonya sheria za folda iliyoipokea.
Na ukihamisha kutoka diski hii hadi ile,
usidanganyike: umezaa mpya,
ukamzika wa kwanza kimyakimya.

"Sawa," anasema Mutheu, "lakini nifungulie.
Mkaguzi anakuja saa nne."

Naingia kwa akaunti kubwa, ile isiyo na jina la mtu,
nauliza: mwenyewe ni nani?
Seva haimtaji Kerubo.
Inataja tarakimu, msururu mrefu wenye vistari,
maana Kerubo aliondoka Agosti, siku ya Ijumaa,
na saa kumi na moja jioni ile akaunti yake ilifutwa.
Niliifuta mimi. Nilikuwa na orodha ya kutia tiki.
Jina lilikwenda, namba ikabaki mlangoni
kama soja ambaye hakuna aliyemwambia
kampuni imefungwa.

Chini yake, wanaoruhusiwa.
Akaunti kubwa, kama kawaida.
Ile namba, kila kitu.
Kisha mimi.
Kusoma tu.

Mimi, kwa jina langu na la baba yangu,
herufi ndogo zote.
Halikurithiwa kokote: limeongezwa kwa mkono.

Hakuwahi kuniambia.
Tulikutana ngazini, tukasemezana kuhusu stima,
kuhusu printa inayomeza karatasi.
Na kama ningenakili kwa haraka, nilivyozoea,
nakala ingefika safi, imesahau,
nami nisingejua kwamba mlango huu
ulikuwa wazi kwangu mwaka mzima.

Najitoa. Naingia kama mimi.
Hakuna barua.
Ni vigingi vya mipaka, ploti kumi na nne za Ruai,
mashariki mita kadhaa, kaskazini mita kadhaa,
na pembeni pa kimoja, maneno:
*Cha saba kimesogezwa. Nimekipima mara tatu.*

Saa nne kasoro dakika kumi.
Kisanduku kinasubiri: rithi ruhusa za folda ya juu.
Nikikitia tiki jina langu linafutika,
wanaingia wote, Mutheu, mkurugenzi,
mkaguzi na miwani yake.

Natia tiki.

"Imefunguka," anasema Mutheu. "Haya, asante."
Hakati simu. Nasikia kipanya chake kikibofya,
kikinyamaza, kikibofya.
"Hebu," anasema,
"hiki kigingi cha saba kina nini?"