Tangazo la Nne

Jumapili usiku kompyuta iliniuliza: Sasa au Baadaye?
Nilikuwa nimeshavaa koti, mvua ya Tukuyu inatwanga bati la ghala,
mkono mmoja uko kwenye kitasa.
Baadaye nilikuwa nimeisema tangu mwezi wa pili.
Nikabonyeza Sasa, nikazima taa, nikaenda zangu.

Jumatatu kioo kiling'aa kama sahani ya harusi.
"Karibu, Tusekile," kikaniambia,
utadhani mgeni ni mimi.
Nikafungua daftari la majani mabichi.
Palipokuwa na nukta pamekaa mkato,
na kilo kumi na nane na nusu za mama Gwantwa
zimekuwa kumi na nane kavu,
au mia moja themanini na tano,
inategemea umeingilia mlango gani.
Printa nayo haitambuliki.
Ipo hapo mezani, miaka saba, ina duara la kikombe changu mgongoni.

Lusajo akajibu simu kutoka Mbeya mjini:
"Hilo limewapata wote, dada. Subirini marekebisho."
Yanapanda basi la saa ngapi, hayo marekebisho?

Tangazo la kwanza niliandika kama tulivyofundishwa chuoni:
"Kufuatia maboresho ya mfumo,
kumejitokeza changamoto ndogo ndogo."
Mwenyekiti alilipenda, akaligongea mhuri.
Anyegile akalisoma, kidole chini ya kila neno,
kucha nyeusi kwa utomvu wa chai,
akauliza: "Changamoto ndogo ni kilo ngapi?"
Nikalibandua.

La pili lilieleza kila kitu,
namba ya toleo, nukta, mkato, faili.
Hakuna aliyevuka mstari wa tatu.
Mvua peke yake ndiyo iliyolisoma hadi mwisho,
ikaondoka nalo.

La tatu liliwaomba wavumilie.
Hilo tuliache.

Alhamisi nilishusha maboksi ya risiti za kaboni,
zile nilizotaka kuwashia jiko mwaka jana,
nikahesabu kwa mkono hadi vidole vikawa bluu.
Kisha nikageuza kalenda ya mbolea,
nikaandika mgongoni kwa kalamu nene:

"Kilo zenu za mwezi huu zimeharibika kwenye kompyuta.
Aliyebonyeza ni mimi. Sikutunza nakala kwanza.
Waliokosewa ninaowajua ni sitini na mmoja, majina yako chini.
Wengine sijawajua bado.
Njoo na risiti. Kama huna, njoo hivyo hivyo.
Kesho hakuna malipo. Ni Jumatano, nadhani.
Nikijua zaidi nitaandika hapa hapa."

"Hiyo nadhani ifute," alisema mwenyekiti.
Sikuifuta.

Asubuhi walisimama mbele yake, miamvuli imekunjwa, inachuruzika.
Mmoja akawasomea wengine kwa Kinyakyusa,
na pale kwenye "ni mimi" akanyamaza kidogo,
wakageuka wote kuangalia dirisha langu.
Mama Gwantwa alinitukana, kwa utaratibu, bila kupaza sauti.
Nilistahili kama nusu yake.

Ndani, kioo kilikuwa kinauliza kwa adabu
kama ninalifurahia toleo jipya, nyota ngapi kati ya tano.

Nje, Anyegile alikuwa ameomba penseli ya mtoto wa shule.
Chini ya jina la sitini na moja,
taratibu, kwa herufi kubwa,
alikuwa anaandika lake.