Tairi la Tatu

Muuzaji wa pale Magomeni, Mtwara,
ananifutia tairi kwa kitambaa chenye mafuta
liwake kama kiatu cha bwana harusi.
"Dada Somoe, hili jipya kabisa."
Mimi sitazami weusi. Nainama,
natafuta ubavuni kile kiduara cha umbo la yai,
tarakimu nne zisizojua kubembeleza:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na nne.
Jipya la kukaa dukani.
Jipya kama kanga iliyosahaulika sandukuni,
haijavaliwa hata siku moja
na inachanika kwenye mkunjo.

Nilishadanganyika mimi.
Mwaka ule tela lilivaa matairi ya teksi,
mawili, ya bei ya huruma,
na juu yake mashua ya faiba ya Bwana Nandonde,
imetoka tu Mikindani, rangi haijashika,
tunaipeleka Sudi.
Kabla ya Mnolela tela likaanza kutikisa mkia.
Chitanda, usukani mkononi, akasema: upepo huo.
Haukuwa upepo. Ubavu ulikuwa unachemka.
Kisha mlio, kisha vumbi,
kisha kimya cha watu wanaokokotoa hasara.
Mashua ilielea mara ya kwanza
juu ya mihogo ya mtu,
na mwenye shamba, jembe begani, akatuuliza
kama baharini kumejaa.

Tairi la gari dogo lina ubavu laini
maana abiria anataka kubembelezwa.
Mashua haina mgongo unaouma.
Yataka ubavu mkavu, usioyumba kwenye kona,
plai nane, na namba ya mzigo uisome mwenyewe,
usisomewe.
Nahesabu kwa vidole, muuzaji ananitazama:
mashua kilo mia sita, injini mia na kumi,
tela lenyewe mia tatu, nanga, kamba, madumu ya mafuta,
na yule Hemedi, ambaye kila safari
hukatazwa kupanda humo
na kila safari hupanda.
Gawa kwa mbili. Kisha ongeza,
kwa kuwa barabara haijui kugawa:
shimo humdai mmoja.

Analeta jingine. Wiki ya nane, mwaka huu huu.
Nalibonya kwa kidole gumba, halibonyei.
Nalinusa. Anacheka. Acheke.
Na rimu nataka zilizochovywa zinki,
si hizi zilizopakwa rangi ya fedha.
Maji ya chumvi hayadanganyiki na rangi,
hula taratibu kuanzia tundu la bolti
na siku yakimaliza hayapigi hodi.

Mawili nimelipa.
Pesa ni ya korosho, malipo ya pili,
nusu yake mama ameshaipangia bati la jiko.
Natoka. Nafika kwa mshona viatu.
Narudi.
"La tatu," nasema.
"La akiba? Si unalo la zamani?"
Ninalo. Limelala nyuma ya nyumba, Chikongola,
kuku wanatagia ndani.
Jua limelichora mistari kama kiganja,
na kiganja kile nimeshakisoma:
safari fupi.

Jioni mama analizunguka, mikono kiunoni,
bati lake limegeuka duara jeusi.
"Na hili linafanya kazi gani?"
"Linakaa tu, mama. Linasubiri."
"Kama mjomba wako."
"Mjomba hana plai nane."
Hakucheka. Aliingia ndani, mlango ukasema kwa niaba yake.

Asubuhi nimelikuta kivulini,
limefunikwa gunia la korosho,
na chini yake matofali mawili
lisiguse udongo.